Bryan Turner: Msomi aliyeuliza nani anamlinda mtu asiye na nchi

Bryan S. Turner ni mwanasosholojia wa Uingereza na Australia. Kwa zaidi ya miaka 50 amefundisha na kuandika kuhusu mambo matatu ambayo watu wengi huyaweka kwenye makabati tofauti: dini, uraia na haki za binadamu.

Kinachoyaunganisha ni swali moja. Uraia humlinda mtu kwa sababu ni wa nchi fulani. Sasa yule asiye na nchi, au yule ambaye nchi yake ndiyo inayomtesa, analindwa na nani?

Jibu la Turner limekuwa likibishaniwa vyuoni tangu miaka ya 1990. Yeye anasema tuanze na mwili. Kila mtu anaumia, anaugua, anazeeka na kufa. Hapo ndipo anapotaka haki za binadamu zisimame, kabla ya pasipoti, kabila au dini.

Kwa ufupi

• Alizaliwa Birmingham, Uingereza, Januari 1945.
• Amefanya kazi katika vyuo vya Uingereza, Scotland, Australia, Uholanzi, Singapore, Marekani na Ujerumani.
• Alikuwa profesa wa sosholojia Chuo Kikuu cha Cambridge kuanzia 1998 hadi 2005.
• Kitabu chake kuhusu haki za binadamu, Vulnerability and Human Rights, kilitoka mwaka 2006.
• Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Utafiti ya Max Planck ya Ujerumani, pamoja na Hans Joas.

Mtoto wa wafanyakazi

Turner alizaliwa wakati Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni. Wazazi wake walikuwa watu wa tabaka la wafanyakazi, na Birmingham ulikuwa mji wa viwanda.

Kizazi chake ndicho kilichokulia ndani ya Uingereza mpya ya baada ya vita. Huduma ya taifa ya afya ilianza mwaka 1948. Watoto wa familia za kawaida walianza kupata nafasi vyuoni kuliko zamani. Baadaye Turner angeandika sana kuhusu mpango huo, ulivyojengwa na jinsi ulivyoanza kubomoka.

Alisoma Chuo Kikuu cha Leeds na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1970. Maandishi yake ya mwanzo yalihusu Wamethodisti wa Uingereza, kanisa lililokuwa na waumini wengi miongoni mwa wafanyakazi lakini ambalo sasa lilikuwa likipungukiwa na watu.

Kuanzia hapo dini haikumtoka. Ila hakuitazama kama mhubiri wala kama mpinzani wa dini. Alitaka kujua inafanya kazi gani katika maisha ya watu, na nani anafaidika nayo.

Weber, Uislamu na kusoma watu kwa mbali

Akiwa mhadhiri kijana, Turner alichapisha kitabu Weber and Islam mwaka 1974. Kilimtambulisha.

Max Weber, Mjerumani aliyefariki mwaka 1920, ni mmoja wa waasisi wa sosholojia. Anajulikana zaidi kwa hoja kwamba maadili ya Waprotestanti, yaani kufanya kazi kwa bidii, kubana matumizi na kujinyima, yalisaidia ubepari kukua Ulaya. Alipoutazama Uislamu, Weber aliuona kama dini iliyobebwa na wapiganaji. Kwake, hiyo ni sababu moja ya ubepari kutokua katika nchi za Kiislamu.

Turner alipinga. Alikumbusha kwamba Uislamu ulizaliwa Makka, mji wa wafanyabiashara, na kwamba mafundisho yake mengi yanazungumza na watu wa mjini wanaouza na kununua. Kumfanya mpiganaji kuwa sura ya dini nzima ni kukosea.

Hoja yake ya pili ilikuwa kali zaidi. Alionyesha kwamba Weber mwenyewe alikuwa na maelezo mengine, bora kuliko hayo: aina ya utawala. Pale ambapo mtawala anaweza kuchukua ardhi na mali ya mtu wakati wowote, na majeshi na maofisa wote ni wa kwake, mfanyabiashara hawezi kupanga kesho yake. Tatizo basi lilikuwa la siasa na mali, si la imani.

Mwaka 1978 alitoa Marx and the End of Orientalism. Mwaka huohuo Edward Said, msomi wa Kipalestina aliyefundisha New York, alitoa kitabu chake maarufu Orientalism. Wawili hao, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wakigonga mlango uleule: tabia ya wasomi wa Magharibi kuzieleza jamii za Mashariki kwa orodha ya vitu zinavyovikosa. Hazina miji huru, hazina tabaka la kati, hazina mapinduzi. Turner alionyesha kwamba hata Wamarx, waliojiona watetezi wa wanyonge, walikuwa wameibeba tabia hiyo.

Kwa nini watu hutii?

Mwaka 1980, pamoja na Nicholas Abercrombie na Stephen Hill, Turner aliandika The Dominant Ideology Thesis.

Wakati huo lilikuwa jambo la kawaida vyuoni kusema kwamba maskini wanatii kwa sababu matajiri wamewajaza mawazo yao: kwa dini, kwa shule, kwa magazeti. Waandishi hao watatu walisema ushahidi ni mdogo. Mara nyingi mawazo ya tabaka tawala yalisaidia zaidi kuliunganisha tabaka hilo lenyewe. Walio chini mara nyingi hawakuyaamini kabisa.

Basi kwa nini wanaamka asubuhi kwenda kazini? Kwa sababu kodi ya nyumba inadaiwa na watoto wanataka kula. Mahitaji ya kila siku yanatosha kumfunga mtu, hata kama haamini chochote anachoambiwa.

Hoja hii ina uzito kwa mtu anayesoma dini. Ukimwona mtu anakwenda msikitini au kanisani, usikimbilie kusema amedanganywa. Na ukimwona ametulia, usiseme ameridhika.

Wakati huohuo watatu hao walishirikiana kuandaa kamusi ya sosholojia iliyochapishwa na Penguin mwaka 1984. Ikawa kitabu cha mkononi kwa wanafunzi wengi wa fani hiyo.

Mwili unaingia darasani

Mwaka 1982 Turner alihamia Australia, Chuo Kikuu cha Flinders, kusini mwa nchi hiyo. Miaka hiyo ndiyo iliyompa wazo lake kubwa.

Mwaka 1983 alitoa Religion and Social Theory. Ndani yake aliuliza kwa nini dini zinashughulika mno na miili ya watu: nini kiliwe, nani amwoe nani, nini kifunikwe, lini mtu afunge, maiti izikwe vipi. Jibu lake liligusa mali na urithi. Jamii inayorithisha ardhi kupitia ukoo inataka kuwa na uhakika mtoto ni wa nani, na sheria za dini kuhusu ndoa na tendo la ndoa zimefanya kazi hiyo kwa karne nyingi.

Mwaka uliofuata, 1984, kilitoka The Body and Society. Sosholojia ilikuwa imezoea kuzungumzia watu kama akili zinazotembea: wana mawazo, majukumu, matabaka. Turner alisema wanasosholojia wamesahau kwamba watu wana miili. Wanaugua. Wananenepa na kukonda. Wanazaa.

Kitabu hicho kilisaidia kufungua tawi zima la utafiti. Mwaka 1995 Turner na Mike Featherstone wakaanzisha jarida la kitaaluma la Body & Society, ambalo linaendelea kutoka.

Wakati huo ilionekana kama ameacha siasa na kwenda kwenye tiba na lishe. Miaka michache baadaye ilionekana wazi kwamba alikuwa akiweka msingi.

Uraia: haki zenye bei

Mwaka 1986 Turner alitoa Citizenship and Capitalism. Hapa alikuwa akibishana na mtu mwingine mkubwa, T.H. Marshall.

Marshall alitoa mihadhara Cambridge mwaka 1949, iliyochapishwa mwaka 1950. Alisema uraia wa Uingereza ulijengwa kwa hatua tatu. Karne ya 18 ilileta haki za kiraia, kama uhuru wa kusema na kushtaki mahakamani. Karne ya 19 ilileta haki za kisiasa, kama kupiga kura. Karne ya 20 ikaleta haki za kijamii: shule, matibabu, pensheni.

Turner aliukubali mpango huo kwa sehemu, lakini akasema una mashimo. Ukimsikiliza Marshall utadhani haki zilikuja zenyewe, moja baada ya nyingine, kama ngazi. Turner alisisitiza kwamba zilipatikana kwa vurugu: migomo, vita, uhamiaji, harakati za watu waliofungiwa nje.

Mwaka 1990, katika makala iliyosomwa sana, alipanga historia hiyo kwa maswali mawili. La kwanza: haki zilitoka chini, kwa watu kuzidai, au zilitoka juu, kwa watawala kuzitoa? La pili: je, maisha ya hadharani yanathaminiwa, au uhuru unatafutwa zaidi nyumbani, faragha?

Kwa maswali hayo alipata picha nne:

• Ufaransa ya mapinduzi: haki zilidaiwa kutoka chini, na maisha ya hadharani yakapewa uzito mkubwa.
• Marekani: zilidaiwa kutoka chini, lakini mtu binafsi na faragha yake vikawekwa mbele.
• Uingereza: zilitolewa zaidi kutoka juu, na raia akabaki kama mtiifu mwenye haki.
• Ujerumani kabla ya 1945: zilitoka juu, maisha ya hadharani yakawa dhaifu, na mlango ukabaki wazi kwa udikteta unaojipamba kwa kura.

Maana yake ni kwamba neno "raia" halina maana moja dunia nzima. Linategemea lilivyopatikana.

Mwaka 1997 Turner alianzisha jarida la Citizenship Studies. Kwa hiyo fani aliyokuwa akiisukuma ikapata nyumba yake.

Kazi, vita na uzazi

Akiwa Cambridge, mwaka 2001, aliandika makala kuhusu kumomonyoka kwa uraia. Ni kati ya maandishi yake yanayorejewa mara nyingi.

Hoja ni rahisi kuifuata. Katika karne ya 20, mtu alipata haki za kijamii kwa njia tatu: kufanya kazi, kupigana vitani, na kuzaa na kulea watoto. Aliyechangia kwa njia hizo alistahili pensheni, matibabu, nyumba, elimu ya watoto wake. Haki ilikuwa na bei, na watu waliilipa kwa jasho, damu na uzazi.

Kisha njia zote tatu zikaanza kuharibika. Kazi za kudumu ziligeuka vibarua vya muda mfupi. Majeshi ya kuandikisha vijana wote yalipungua, vita vikapiganwa na wanajeshi wa kulipwa na mashine. Ndoa na familia zikabadilika sura.

Raia basi akabaki na nini? Turner aliona anageuka kuwa mteja: mtu anayenunua huduma, badala ya mtu anayedai haki yake.

Mwaka 2016 alisogea mbele zaidi. Alisema hata raia wa kuzaliwa katika nchi tajiri wanaanza kufanana na wageni wakaazi, yaani watu walioruhusiwa kuishi na kufanya kazi mahali fulani bila kuwa na sauti wala dhamana kamili. Kwa kawaida hiyo ndiyo hali ya mhamiaji. Turner alisema ni hali inayosambaa.

Haki zinazoanzia kwenye maumivu

Kama uraia unalegea, kimbilio ni nini? Hapa ndipo mwili unaporudi.

Mwaka 1993 Turner alichapisha makala ya kutafuta msingi wa kisosholojia wa haki za binadamu. Wanafalsafa na wanasheria walikuwa na misingi yao. Wanasosholojia wengi walikaa kimya, kwa sababu kazi yao ni kuonyesha jinsi kila jamii ilivyo tofauti. Mwaka 1947, kabla ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, Chama cha Wanaanthropolojia cha Marekani kilitoa tamko la kutilia shaka wazo zima la haki za watu wote: je, hizi si maadili ya Magharibi yanayovalishwa dunia?

Turner alijua hoja hiyo vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa ametumia miaka kuwakosoa Wazungu wanaoipima dunia kwa kipimo chao. Lakini alikataa kuishia hapo. Alitafuta kitu ambacho watu wote wanacho kweli, bila kujali utamaduni.

Alikipata kwenye mambo matatu.

Kwanza, mwili ni dhaifu. Hakuna utamaduni ambao watu wake hawaumii. Mila zinaweza kutofautiana kuhusu maana ya maumivu, lakini mtu akiteswa anajua anateswa. Turner alipenda kukumbusha kwamba neno la Kiingereza alilolitumia kwenye jina la kitabu chake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya jeraha.

Pili, taasisi nazo ni dhaifu. Kwa sababu miili yetu ni dhaifu, tunajenga serikali, mahakama, polisi, hospitali ili zitulinde. Lakini taasisi hizo huvunjika, na wakati mwingine hutugeukia. Polisi aliyewekwa kumlinda mtu ndiye huyohuyo anayeweza kumpiga. Serikali ni ngao, na ni tishio pia.

Tatu, watu wana huruma. Mtu anapomwona mwingine anaumia, anajua inaweza kuwa yeye kesho. Ndiyo maana anaweza kutaka haki kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Mawazo hayo aliyapanua katika Vulnerability and Human Rights mwaka 2006. Hapo alitenganisha vizuri aina mbili za haki. Haki za kijamii ni za raia: zinatoka kwa dola, zinaambatana na wajibu kama kulipa kodi, na mwisho wake ni mpaka wa nchi. Haki za binadamu ni za mtu kwa sababu ni mtu mwenye mwili. Hazimuulizi amechangia nini.

Mkimbizi akifika mpakani hana mchango wowote aliotoa kwa nchi anayoingia. Kwa hesabu ya uraia, hadai kitu. Kwa hesabu ya Turner, anadai.

Wanaompinga

Jibu hilo halikupita hivihivi.

Mwaka 1996 mwanasosholojia Malcolm Waters aliandika kumpinga moja kwa moja. Kwake, haki za binadamu ni kitu kilichotengenezwa na watu wenye maslahi. Zilishika nguvu baada ya 1945 kwa sababu ziliwafaa washindi wa vita, kisha zikatumika kama silaha ya maneno wakati wa Vita Baridi. Ukitaka kuzielewa, chunguza nani anafaidika, achana na mwili.

Kuna swali la pili linaloulizwa kuhusu hoja yake: udhaifu wa wote haulingani. Tajiri na maskini wote watakufa, lakini hawafi umri mmoja wala kwa magonjwa yaleyale. Mwanamke mjamzito kijijini na waziri hospitalini si dhaifu kwa kiwango kimoja. Ukisema sote ni dhaifu, unaweza kuficha tofauti hiyo.

La tatu ni gumu zaidi. Kuona udhaifu wa mwingine hakumfanyi mtu awe mwema. Mtesaji anaujua udhaifu wa mwili kuliko mtu yeyote, na anautumia.

Turner hakudai kwamba huruma inatosha. Ndiyo maana taasisi zipo katikati ya hoja yake. Huruma bila mahakama ni majonzi tu, na mahakama ikiachwa bila kulindwa huoza. Kama msomaji ataridhika na jibu hilo au la, ni vigumu kusema hakuliona tatizo.

Singapore: serikali inapoisimamia dini

Mwaka 2005 Turner aliondoka Cambridge na kwenda Singapore, kuongoza kundi la watafiti wa dini katika taasisi ya utafiti wa Asia ya Chuo Kikuu cha Taifa. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikijadili Uislamu na usalama, mara nyingi kwa hofu. Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku hijabu na alama nyingine za wazi za dini katika shule za umma kwa sheria ya mwaka 2004.

Singapore ilimpa mfano tofauti kabisa. Pale serikali haisemi dini ni jambo la faragha lisiloihusu. Inaisimamia waziwazi. Sheria ya mwaka 1966 inapanga mambo ya Waislamu, ikiwamo mahakama ya sharia kwa ndoa na talaka, na baraza la dini la Kiislamu. Sheria nyingine, iliyopitishwa mwaka 1990, inaipa serikali uwezo wa kumzuia kiongozi wa dini anayechochea chuki kati ya waumini au anayechanganya mimbari na siasa.

Turner, pamoja na Kamaludeen Mohamed Nasir na Alexius Pereira, aliandika kitabu kuhusu Waislamu wa Singapore kilichotoka mwaka 2009. Walichunguza jinsi watu walio wachache wanavyoshika dini yao ndani ya mji wenye dini nyingi, na jinsi mambo madogo ya kila siku kama chakula halali yanavyochora mipaka kati ya majirani.

Kutokana na kazi hiyo na nyingine, Turner alijenga hoja kwamba dola za leo, hata zile zinazojiita hazina dini, zinasimamia dini. Tofauti ni namna tu. Moja inakataza vazi, nyingine inaunda baraza, nyingine inagawa ruzuku kwa shule. Swali la haki si kama serikali inaingia au haiingii. Ni inaingia vipi, na anayeumia ana pa kulalamika?

Mawazo hayo yamo katika Religion and Modern Society, kitabu chake cha mwaka 2011. Humo anatofautisha vitu viwili vinavyochanganywa sana. Kimoja ni dini kutenganishwa na dola. Kingine ni dini kupotea katika maisha ya watu. Cha kwanza kinaweza kutokea bila cha pili: nchi inaweza kuwa na katiba isiyo ya dini huku misikiti na makanisa yakijaa. Aliona pia dini nyingi zikigeuka bidhaa, zenye matangazo, vitabu, ziara na mavazi ya kununua.

New York, Melbourne na Potsdam

Baada ya Singapore alikwenda Marekani: kwanza Chuo cha Wellesley, kisha kituo cha masomo ya juu cha Chuo Kikuu cha Jiji la New York, alikokuwa profesa wa sosholojia ya dini kuanzia 2010. Amefanya kazi pia na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Australia na Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani.

Mwaka 2015 alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu kuhusu sosholojia ya sharia, pamoja na Adam Possamai na James Richardson, chenye mifano kutoka nchi mbalimbali. Mwaka huohuo ndio alipopata tuzo ya Max Planck, iliyohusu dini na dunia ya kisasa.

Ukiipanga safari yake, ni ya mtu aliyehama sana: Leeds, Aberdeen, Lancaster, Flinders, Utrecht, Essex, Deakin, Cambridge, Singapore, New York. Msomi wa uraia aliishi muda mrefu nje ya nchi aliyozaliwa. Lakini aliandika pia kwamba uhuru wa namna hiyo ni wa wachache. Katika makala ya mwaka 2007 aliwapinga wanaosema dunia ya leo haina mipaka. Alisema ni dunia ya kuta, kambi na vituo vya ukaguzi. Bidhaa na pesa hupita, mtu maskini anazuiwa.

Mawazo hayo yanagusa wapi Afrika Mashariki?

Turner si mtafiti wa Afrika Mashariki. Hata hivyo maswali yake yanafahamika hapa.

Mwaka 2016 Wamakonde wa Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani, waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho. Walikuwa wameishi na kufanya kazi Kenya kwa vizazi bila kutambuliwa kama raia. Mwaka huo wakatambuliwa. Mchango wa kazi walikuwa wameutoa zamani. Karatasi ndiyo iliyochelewa.

Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa Burundi waliokimbia mwaka 1972 na vizazi vyao. Kwa miaka 42 walikuwa wakiishi kwa haki za mkimbizi, si za raia.

Na kuhusu dini, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua mahakama za Kadhi kwa Waislamu katika ndoa, talaka na mirathi. Zanzibar nayo ina mahakama zake za Kadhi. Hiyo ni serikali inayosimamia dini, kwa namna yake. Swali la Turner linabaki palepale: mjane au mtalaka asiyeridhika na hukumu, analindwa na nani, na wapi?

Pa kuanzia kumsoma

Maandishi ya Turner ni mengi na si yote ni mepesi. Anayetaka hoja yake kuu aanze na Vulnerability and Human Rights, ambacho ni kifupi. Anayependa historia ya mawazo kuhusu Uislamu achukue Weber and Islam. Kwa dini na dola, Religion and Modern Society ndicho kilichokusanya mengi pamoja.

Mabishano kuhusu hoja yake hayajaisha, na nchi nyingi bado zinampima mtu kwa karatasi aliyoshika kabla ya kumtazama jeraha. Hesabu hiyo ndiyo Turner alitaka igeuzwe.